Kutofautisha Parkinson na Magonjwa Yanayofanana Nayo kwa Picha za Ubongo: Mwongozo kwa Wahudumu wa Afya wa Kanda ya Ziwa

Mzee mmoja mvuvi kutoka Ukerewe aliletwa Mwanza na binti yake baada ya kubadilishiwa miwani mara tatu. Shida kubwa, kwa maelezo ya binti, ilikuwa kwamba baba yake anamwaga mchuzi kila anapokula. Nilimwamkia, nikamwomba afuate kidole changu kwa macho bila kugeuza kichwa. Kulia alifuata, kushoto alifuata, juu alisitasita. Nilipokiteremsha kidole kuelekea magotini, macho yake yalibaki palepale, yakinitazama usoni. Sahani yake alikuwa haioni. Alikuwa ameanguka kinyumenyume mara nne ndani ya mwaka mmoja, mara moja akiwa amesimama tu ufukweni akikunja nyavu, na muda wote huo alikuwa akitumia dawa ya Parkinson bila nafuu yoyote.

Mwongozo huu unaeleza kazi inayofuata baada ya kumwona mgonjwa wa namna hiyo: kuamua kama apigwe picha, kuiomba kwa maneno yanayoeleweka, kumwandaa, kuisoma, kuipima kwa rula ya kompyuta, na kumrudishia jibu. Nimewaandikia madaktari na matabibu wa Mwanza, Sengerema, Geita, Bunda, Musoma na visiwani, pamoja na wenzangu wa chumba cha mionzi, kwa sababu nimeona picha nyingi nzuri zikikosa kutumika kwa kuwa hakuna aliyezipa swali la kujibu.

Magonjwa tunayotaka kuyatenganisha

Ugonjwa wa Parkinson, ulioelezwa na daktari James Parkinson wa London mwaka 1817, hutokana na kufa kwa chembe za dutu nyeusi, sehemu ya ubongo wa kati inayotengeneza dopamini. Kwa kawaida huanza upande mmoja wa mwili, mkono hutetemeka ukiwa umetulia mapajani, na mgonjwa hupata nafuu kubwa akipewa levodopa, dawa inayogeuka kuwa dopamini ubongoni. Ndugu zake wanaofanana naye ni watatu. Wa kwanza ni ule ulioelezwa mwaka 1964 na Steele, Richardson na Olszewski, ambao hospitalini hujulikana kwa kifupi chake, PSP (progressive supranuclear palsy). Huu hushambulia ubongo wa kati, hukwamisha macho na humwangusha mtu mapema. Wa pili ni MSA (multiple system atrophy), unaoharibu putameni, yaani kiini kimoja cha ndani ya ubongo, ponsi, yaani sehemu nene ya shina la ubongo iliyo chini ya ubongo wa kati, ubongo mdogo na mfumo wa neva unaosimamia shinikizo la damu na kibofu. Wa tatu ni CBD (corticobasal degeneration), unaokula gamba la ubongo upande mmoja zaidi ya mwingine, mpaka mkono wa mgonjwa unakuwa kama si wake.

Mwanzoni yote manne humfanya mtu awe mzito, mkakamavu na mwenye hatua fupi. Ndiyo maana huchanganywa, na kuchanganywa kuna gharama: mgonjwa wa PSP au MSA huongezewa levodopa mwezi baada ya mwezi bila faida, na yule wa MSA huweza kuzimia kwa sababu shinikizo lake la damu linashushwa zaidi na dawa hiyohiyo. Kwa upande mwingine, mgonjwa wa Parkinson halisi anayeweza kurudi kazini kwa dawa hukaa nyumbani bila tiba. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uliwatafuta wagonjwa wa Parkinson nyumba kwa nyumba na kukuta kwamba wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Sioni sababu ya kudhani kwamba huku ziwani hali ni tofauti.

Hatua ya kwanza: mchunguze mgonjwa kabla ya kushika fomu

Anza na dawa anazotumia, na uombe uzione kwa macho yako, kwa sababu mtu akiulizwa kwa mdomo hutaja za presha na kusahau nyingine. Haloperidol, klopromazini na metoklopramidi, ambayo wengi huinunua kwa ajili ya kichefuchefu, huziba milango ya dopamini na kuleta ukakamavu na mtetemo ambao kwa macho huwezi kuutenga na Parkinson. Mama mmoja muuza dagaa wa mwalo wa Kirumba alikuja na picha ya MRI, ile inayopigwa kwa sumaku, mkononi, safi kabisa, iliyomgharimu mtaji wake wa biashara. Alipomwaga vilivyokuwa kwenye mkoba wake juu ya meza, kulikuwa na metoklopramidi aliyokuwa akijinunulia kwa miezi saba. Tuliisimamisha, na mtetemo ukapungua wiki baada ya wiki. Mkoba ungefunguliwa kwanza, fedha ya picha ingebaki kwenye dagaa.

Kisha fanya vipimo vinne ambavyo havihitaji umeme. Mwombe afuate kidole chako juu na chini, na uangalie si mwisho tu bali pia kasi, kwa sababu katika PSP macho huanza kwa kuwa mazito kabla ya kukwama. Mpime shinikizo la damu akiwa amelala, kisha baada ya kusimama dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, na hasa kama ana shida ya kukojoa, fikiria MSA. Simama nyuma yake, mweleze unachotaka kufanya, umvute mabega kwa ghafla kidogo huku ukiwa tayari kumdaka, uone kama anaanguka kinyumenyume kama wale wa PSP. Mwisho, mwombe aigize kuchana nywele au kufungua kufuli kwa kila mkono. Akishindwa kwa mkono mmoja wakati nguvu zipo, CBD inaingia kwenye orodha.

Uliza pia kuhusu levodopa. Hatuwezi kusema imeshindwa kama mgonjwa alikunywa kidonge kimoja kwa siku kwa wiki mbili. Vigezo vya kimataifa huhesabu kwamba dawa imeshindwa pale ambapo ugonjwa si mwepesi na angalau miligramu 600 kwa siku hazikuleta nafuu ya kuonekana.

Hatua ya pili: chagua kipimo na uandike swali

CT skani ina kazi yake na isidharauliwe. Ni ya haraka, na inatosha kuonyesha damu iliyokusanyika chini ya utando wa ubongo baada ya mzee kuanguka, uvimbe, kiharusi cha zamani, vyumba vya maji vilivyotanuka na chokaa kwenye viini vya ndani. Inachoshindwa ni shina la ubongo, kwa sababu mifupa minene ya chini ya fuvu huacha michirizi inayofunika ponsi na ubongo wa kati, na huko ndiko tunakotaka kutazama. Kwa hiyo, mgonjwa aliyebadilika ghafla au aliyegonga kichwa aanze na CT. Yule ambaye ugonjwa wake umekwenda polepole kwa miaka, na ambaye swali ni ndugu yupi wa Parkinson, apelekwe moja kwa moja kwenye MRI kama uwezo upo, badala ya kulipia mara mbili.

Sasa fomu. Nikiwa kijana kazini niliwahi kupokea ombi lililoandikwa maneno mawili tu, "mtetemo, MRI", nami nikajibu kwa uzembe uleule: ubongo wa kawaida kwa umri wake. Miaka miwili baadaye mgonjwa alirudi akiwa amelala kitandani, macho yamekwama. Niliifungua picha ya zamani, na ubongo wa kati ulikuwa umesinyaa tangu siku ile. Sikuupima kwa kuwa sikuulizwa, wala mimi sikumpigia simu aliyeomba. Tangu hapo huwasihi wenzangu waandike hivi: "Mwanaume, miaka 67. Ameanguka kinyumenyume mara nne ndani ya mwaka mmoja, macho hayateremki, levodopa miligramu 600 kwa siku haikumsaidia. Nahofia PSP. Naomba ubongo wa kati na ponsi vipimwe kwenye mkato wa wima wa katikati." Ni sentensi nne, na zinabadilisha kazi yote inayofuata.

Kwa upande wa chumba cha MRI, sikwensi, yaani namna za kupiga picha kwa mashine hiyo, zinazohitajika si nyingi: T1 yenye vipande vyembamba vya milimita moja ili iweze kugeuzwa pande zote, T2 ya mlalo, FLAIR, DWI pamoja na ramani yake ya ADC, zinazoonyesha jinsi maji yanavyosambaa ndani ya ubongo, na SWI, au ile ya zamani inayoitwa T2 yenye nyota, kwa ajili ya madini ya chuma. Dawa ya kung'arisha yenye gadolinia haihitajiki kwa magonjwa haya ya kuzeeka kwa chembe; itumike pale unapohofia maambukizi au uvimbe.

Hatua ya tatu: mwandae mgonjwa

Hatua hii ndiyo huharibu picha nyingi. Mtu anayetetemeka akiingia kwenye mashine bila kuandaliwa hutoka na picha yenye mawimbi isiyopimika. Mweleze kwamba atalala kama nusu saa ndani ya bomba lenye kelele, na mpe kengele ya mkononi. Mwombe anywe levodopa yake kwa saa yake ya kawaida, kwa sababu haibadilishi umbo la ubongo na humsaidia kutulia. Funga kichwa kwa mito pande zote mbili, weka mto chini ya magoti, na uanze na T1 kabla hajachoka.

Uliza juu ya vyuma. Kifaa cha moyo ni swali la kila mahali, lakini huku kwetu uliza pia kama aliwahi kuchomelea vyuma, kufanya kazi ya karakana ya boti au migodini, kwa kuwa kipande kidogo cha chuma jichoni huweza kusogea ndani ya sumaku. Ukiwa na shaka, piga kwanza eksirei ya macho.

Kuna hatari mbili ambazo hazizungumzwi vya kutosha. Wagonjwa wa PSP na MSA humeza kwa shida, hivyo mtu anayelala chali huweza kupaliwa na mate yake. Mwache ameze na kukohoa kati ya sikwensi na sikwensi. Na mgonjwa wa MSA akiinuka ghafla baada ya kulala nusu saa huweza kuanguka hapohapo mlangoni. Aketi kwanza dakika kadhaa miguu ikining'inia, na ndugu yake awe karibu. Dawa ya usingizi iwe njia ya mwisho, hasa kwa mtu mwenye koromo kali la usiku.

Hatua ya nne: ondoa kwanza yanayotibika

Kabla ya kutafuta ugonjwa usio na tiba, pitia picha yote ukitafuta kinachoweza kutibiwa. Angalia damu chini ya utando, uvimbe, na viharusi vidogo vingi kwenye viini vya ndani na kwenye maada nyeupe. Mtu mwenye presha ya miaka mingi anayetembea kwa hatua za kuburuza huku mikono yake ikiwa myepesi mara nyingi ana ugonjwa wa mishipa ya damu.

Vyumba vya maji vikiwa vikubwa, pima kipimo cha Evans, kinachotumika tangu mwaka 1942: gawanya upana wa pembe za mbele za vyumba hivyo kwa upana mkubwa kabisa wa ndani ya fuvu kwenye mkato uleule. Jibu likizidi 0.3, vyumba vimetanuka. Kisha, kwenye mkato wa sikio hadi sikio, pima pembe iliyo chini ya korpasi kalosamu, daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo. Ikiwa chini ya nyuzi 90, na mikunjo ya ubongo ya utosini imebanana huku ile ya pembeni imeachana, mgonjwa huyo anayetembea kana kwamba nyayo zimegandishwa sakafuni anaweza kusaidiwa kwa kutolewa maji ya uti wa mgongo na hatimaye kuwekewa mrija. Huwezi kumwacha huyo aondoke na jina la Parkinson.

Ziwa nalo lina mambo yake. Kichocho cha tumbo huharibu mzunguko wa damu ya ini, na damu inayokwepa ini hubeba madini ya manganizi ambayo hutuama kwenye palidamu, kiini kilicho jirani na putameni. Kwenye T1 utaona weupe wa pande zote mbili, uliolingana, usiokuwapo kwenye CT. Ukiuona, agiza altrasaundi ya ini na wengu. Kwa mtu mwenye VVU aliyeanza ghafla kurusharusha mkono na mguu wa upande mmoja, tafuta vidonda vya vimelea vya toksoplazma kwenye viini vya ndani. Kwa mwenye kisukari kilichopanda sana anayerusharusha vivyo hivyo, tafuta weupe wa T1 kwenye putameni ya upande unaopingana na viungo hivyo, na ushushe sukari. Mchimbaji mdogo wa dhahabu anayechoma zebaki huweza kutetemeka bila picha kuonyesha kitu, na hapo historia ya kazi ndiyo kipimo. Kijana aliye chini ya miaka 40 mwenye ukakamavu apimwe ugonjwa wa Wilson, ambao shaba hujaa mwilini: kwenye T2 ubongo wa kati huweza kuchora sura ya panda, na ugonjwa huo unatibika.

Hatua ya tano: mkato wa wima wa katikati

Hapa ndipo penye utajiri, na ningemshauri kila anayejifunza akae hapa muda mrefu. Fungua T1 na utafute kipande kinachopasua kichwa katikati, kutoka pua hadi kisogo. Utajua umefika pale mfereji mwembamba wa maji wa ubongo wa kati unapoonekana kwa urefu wake wote. Ukikosea kwa kipande kimoja au viwili, ubongo wa kati utaonekana mnene kuliko ulivyo, kwa hiyo usiharakishe.

Sasa tazama umbo. Kwa mtu mzima wa afya, mgongo wa juu wa ubongo wa kati hubinuka kuelekea juu au hulala sawa. Katika PSP sehemu hiyo husinyaa na kubonyea, mbele yake ikabaki ncha ndefu nyembamba, na chini yake ponsi ikabaki nene na ya mviringo. Wataalamu wa ng'ambo huita alama hiyo kwa jina la ndege mdogo wa Marekani mwenye mdomo mrefu. Mimi huwaambia vijana wamtafute chozi, yule ndege anayenyonya maua uani: ponsi ni tumbo lake, ubongo wa kati ni kichwa chake, na ncha ya mbele ni mdomo. Wakishamwona mara moja hawamsahau.

Umbo hudanganya, kwa hiyo pima. Chora mstari wa kwanza kutoka kwenye kibonyeo cha juu cha ponsi, pale mbele ponsi inapokutana na ubongo wa kati, hadi ukingo wa chini wa bamba la vilima vinne, lililo mgongoni mwa ubongo wa kati. Chora wa pili sambamba nao, ukipita kwenye kibonyeo cha chini cha ponsi. Eneo lililo juu ya mstari wa kwanza, bila kuhesabu bamba la nyuma, ni ubongo wa kati. Lililo kati ya mistari miwili, mbele ya chumba cha nne cha maji, ni ponsi. Zungusha kipimo cha eneo polepole. Katika kazi ya Oba na wenzake wa Japani ya mwaka 2005, wastani wa ubongo wa kati ulikuwa milimita za mraba 56 kwa PSP, 103 kwa Parkinson, 97 kwa MSA na karibu 118 kwa watu wenye afya.

Kama mashine yako haina kipimo cha eneo, kuna njia ya rula. Pima unene mkubwa wa ubongo wa kati na wa ponsi kwenye mkato uleule, kila kimoja kwa mstari unaokata mhimili wake mrefu. Ubongo wa kati ulio chini ya milimita 9.35, au uwiano wake na ponsi ulio chini ya 0.52, huelekeza PSP kwa nguvu.

Anayetaka uhakika zaidi atumie kielelezo cha Quattrone na wenzake cha mwaka 2008. Gawanya eneo la ponsi kwa eneo la ubongo wa kati. Gawanya upana wa mkono wa kati wa ubongo mdogo, yaani fungu la nyuzi linaloufunga na ponsi, kwa upana wa mkono wake wa juu, unaoufunga na ubongo wa kati. Kisha zidisha majibu hayo mawili. Mpaka wao ulikuwa 13.55, na kinachozidi hapo huelekea PSP. Kwa yule mzee wa Ukerewe, ponsi ilikuwa milimita za mraba 520, ubongo wa kati 62, mkono wa kati milimita 9 na wa juu milimita 3. Mgawanyo wa kwanza ulitoa 8.39, wa pili 3, na jibu likawa 25. Mtu mwenye ponsi 530, ubongo wa kati 115, mkono wa kati 9.4 na wa juu 4.2 hupata 10.3. Tofauti hiyo haihitaji mabishano.

Tahadhari moja: maji yanapojaa kwenye vyumba, ubongo wa kati huweza kubanwa ukaonekana mwembamba na kielelezo kikapanda, ndiyo maana hatua ya nne imetangulia.

Hatua ya sita: ponsi, putameni na ubongo mdogo

Rudi kwenye T2 ya mlalo. Katika MSA nyuzi za ponsi zinazovuka kutoka upande hadi upande hufa, ilhali zile zinazoshuka kwenda uti wa mgongo hubaki. Zilizokufa hung'aa, na katikati ya ponsi huchoreka msalaba mweupe. Mikono ya kati ya ubongo mdogo nayo hung'aa na kuwa myembamba, mara nyingi chini ya milimita 8, na ubongo mdogo husinyaa. Msalaba huo haumilikiwi na MSA peke yake, kwa sababu magonjwa ya kurithi ya ubongo mdogo huweza kuuchora pia. Uliza habari za wazazi na ndugu.

Kwenye putameni tazama mambo matatu: ukingo wake wa nje ulionyooka badala ya kubinuka, mstari mwembamba mweupe unaofuata ukingo huo, na weusi wa chuma sehemu ya nyuma, mweusi kuliko palidamu. Mstari mweupe una maana kwenye mashine yenye sumaku ya nguvu ya Tesla 1.5, lakini kwenye Tesla 3 watu wenye afya huwa nao, kwa hiyo usiutegemee peke yake. Ramani ya ADC husaidia pia: thamani za putameni hupanda katika MSA, na katika Parkinson hubaki kama za kawaida. Vigezo vya kimataifa vya MSA vya mwaka 2022 vinadai angalau alama moja ya MRI ili utambuzi uitwe uliothibitika kitabibu, kwa hiyo ripoti yako ina uzito wa kweli.

CBD huonekana kwa kulinganisha nusu mbili. Mikunjo ya mbele na ya utosini huwa imeachana upande mmoja, ule unaopingana na mkono ulioharibika. Mgonjwa anayechezacheza mwili bila kukusudia, mwenye mzazi aliyekuwa hivyohivyo, atazamwe kaudati, kiini kinachopakana na pembe za mbele za vyumba vya maji: ikiwa bapa na pembe za mbele za vyumba zimepanuka, ugonjwa wa Huntington unafikiriwa, na kipimo cha jeni ndicho huthibitisha.

Parkinson yenyewe kwenye picha

MRI ya kawaida ya mgonjwa wa Parkinson mara nyingi ni safi. Hili naliomba lisomwe mara mbili, kwa sababu nimeona familia zikiambiwa "ubongo hauna kitu" na zikaondoka zikiamini kwamba mzee amerogwa au anajifanya. Picha safi kwa mtu mwenye dalili kamili na nafuu ya levodopa inakubaliana na Parkinson, wala haiipingi.

Kwenye Tesla 3 yenye SWI nzuri kuna alama moja ya ziada. Sehemu ya nyuma ya dutu nyeusi huwa na doa jeupe lililozungukwa na weusi, na pamoja huchora mkia wa mbayuwayu. Mkia ukipotea, chembe za dopamini zimeathirika. Hata hivyo hupotea katika PSP na MSA pia, hivyo alama hiyo humtenga mgonjwa wa Parkinson na yule wa mtetemo wa kurithi au wa dawa, lakini haimtengi na wale ndugu watatu.

Ukomo huohuo upo kwenye skani ya nyuklia ya vibebeo vya dopamini, inayotumia ayodini 123. Ubongo wenye afya huonyesha maumbo mawili yanayofanana na alama ya mkato. Ulioathirika huonyesha madoa mawili ya mviringo kama nukta. Matokeo ya kawaida huondoa Parkinson, ila yasiyo ya kawaida hayasemi ni ndugu yupi. Skani ya PET ya sukari hutenganisha vizuri zaidi, lakini florini 18 yake hupungua nusu kila dakika 110, na wagonjwa wetu wengi hawatafika ilipo. Ndiyo sababu ninasisitiza mkato wa katikati na rula.

Kuandika jibu na kulifuatilia

Ripoti ianze na jibu la swali lililoulizwa. Andika namba zote, aina ya mashine na sikwensi uliyopimia, kisha useme kwa uwazi kiwango cha uhakika: "inaelekea sana PSP", "inaweza kuwa MSA, dalili za kitabibu ziamue", au "hakuna alama ya PSP wala MSA, haipingi Parkinson". Epuka maneno "kawaida kwa umri" kama hukupima. Katika mwaka wa kwanza wa dalili picha huweza kutokuwa na alama hata kwa mwenye PSP, na hilo liandikwe.

Mgonjwa na ndugu zake waelezwe huku picha ikiwa mbele yao. Yule binti wa Ukerewe alimtazama chozi kwenye skrini kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo daktari, si kwamba baba anakula ovyo?" Nilimjibu kwamba baba haoni chini. Tulipunguza levodopa polepole, tukamfundisha kumpa uji mzito badala ya mwepesi ili asipaliwe, na sahani ikaanza kuwekwa juu ya ndoo iliyofunikwa, usawa wa kifua chake.

Kama jibu halikuwa wazi, rudia MRI baada ya mwaka mmoja hivi, kwenye mashine ileile na sikwensi zilezile, na uweke vipande viwili vya katikati ubavu kwa ubavu kabla ya kupima. Ubongo wa kati uliokuwa 90 ukashuka hadi 74 umekwisha kusema. Ili hilo liwezekane, CD ya kwanza lazima iwepo. Mpe ndugu mmoja aliyetajwa jina kwenye fomu, mwambie aiweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana kabla ya kupanda kivuko, na nakala ya namba iandikwe kwa kalamu kwenye daftari la kliniki, kwa sababu CD iliyoloa hairudi.